Barakamon: Mwandishi wa Khati na Watoto wa Kisiwani





Usiku mmoja baada ya sala ya isha nilirejea nyumbani nikawakuta wanangu watatu pamoja na mtoto wa jirani wameizunguka simu moja ndogo, vichwa vyao vimegusana, na wote wanacheka kicheko ambacho sikukisikia nyumbani kwangu kwa muda mrefu. Nakiri mbele yenu kwamba mimi, kama walimu wengi wa chuo wa rika langu, desturi yangu ni kukemea kwanza na kuuliza baadaye. Walakini usiku ule nilikuwa nimechoka, na uchovu wakati mwingine humfanyia mtu hisani. Nikauliza kabla sijakemea. Binti yangu mkubwa akajibu kwa adabu, "Baba, ni Barakamon." Mimi nikasikia baraka, nikadhani ni mawaidha, nikaketi.

Kumbe si mawaidha, wala neno lenyewe halina nasaba na baraka yetu. Barakamon ni neno la lahaja ya visiwa vya Goto, magharibi ya Kyushu katika nchi ya Japani, na maana yake ni mtu mchangamfu, mwenye uzima na bashasha. Ni mfululizo wa zile picha za kuchorwa zinazotembea ambazo vijana wote siku hizi waziita anime. Una sehemu 12, kila moja haifiki nusu saa, nao ulionyeshwa katika televisheni ya Japani kuanzia Julai hata Septemba mwaka 2014. Asili yake ni hadithi ya picha iliyotungwa na kuchorwa na Satsuki Yoshino, ambaye mwenyewe ni mtu wa visiwa hivyo hivyo. Hadithi ile ilianza kutolewa mwaka 2009 ikamalizika mwaka 2018. Na katika mwaka 2023 Wajapani wakaiigiza tena kwa watu wa kweli. Hayo yanatosha kwa upande wa nasaba; tuje kwenye kisa.

Kijana mmoja, jina lake Handa Seishu, umri wake miaka 23, ni mwandishi wa khati, tena mtoto wa mwandishi wa khati mwenye sifa kubwa. Amepata zawadi, na watu wamsifu. Siku moja katika maonyesho, mzee mkurugenzi wa jumba lile, mwenye kutembelea mkongojo, akaitazama kazi yake akamwambia kwamba khati yake ni kama ya kitabu cha kufundishia, imeandikwa ili kupata zawadi, na kwamba hajajaribu kuupanda ukuta wa ukawaida na kuuvuka. Kijana akapandwa na hasira, akampiga mzee ngumi mbele ya watu. Baba yake hakumpeleka polisi wala hakumtetea. Alimpeleka kisiwani, akakae peke yake mpaka ajue ana upungufu gani.

Huko kisiwani hakukaa peke yake hata siku moja. Nyumba aliyopangishiwa ilikuwa maficho ya watoto wa kijiji, na mtoto wa kike wa mwaka wa kwanza wa skuli, jina lake Naru, alelewaye na babu yake, haoni kwa nini aache kuingia ndani ati kwa sababu tu mtu mzima amehamia. Mtoto huyo amwita Handa "Sensei", yaani Maalim. Amwita hivyo hivyo mpaka mwisho, na mtazamaji mwenye akili huanza kujiuliza katika hao wawili ni nani aliye maalim.

Jioni ya kwanza Naru akampeleka ufukweni, penye ukuta mrefu. Handa akasema hakuna cha kuona hapa. Mtoto akamwambia kwamba mpaka apande, huwezi kuona usipopanda. Akapanda, kijana wa mjini mwenye mikono laini, kwa taabu na aibu, na upande wa pili akaliona jua linazama baharini. Usiku ule akaandika herufi moja tu yenye maana ya furaha, kwa mwili wake wote, wino ukaruka kila mahali. Kwa hivyo ukuta aliousema mzee kwa maneno makali, mtoto aliuonyesha kwa kidole.

Baada ya hapo, ndugu wasomaji, nawapa khabari ya ajabu: hakuna kinachotokea. Hakuna vita, hakuna mwizi, hakuna mchawi. Watu wavua samaki, watoto wakamata wadudu, mzigo wa Handa wafika kwa meli na majirani wasioalikwa waja kuubeba. Ndipo hapa maoni ya watazamaji yanapogawanyika, nami nilijipa kazi ya kuyakusanya, nyumbani kwangu, barazani, na kwa vijana wa chuoni.

Mwanangu wa kiume wa pili, apendaye mapanga na majini ya Kijapani, asema ni kitu cha kulaza watoto. Mtoto wa jirani, ambaye alimpoteza baba yake akiwa mdogo, asema ndicho kitu pekee anachoweza kukitazama mara mbili. Sikumwuliza kwa nini. Mama watoto hakujali khati wala zawadi. Yeye aliona milango. Alisema, "Umeona watu wale hawafungi milango? Jirani aacha mboga mlangoni akaenda zake. Sisi hapa mtaani tumeanza lini kufunga?" Nikafikiri, sikupata jibu, nikanyamaza. Naye mvuvi mmoja rafiki yangu, tulipomwonyesha sehemu mbili barazani, akatikisa kichwa akasema kwamba kijiji kile ni kizuri mno, na kwamba bahari aijuayo yeye haina siku nyingi za kucheka hivyo. Neno hili ni la haki. Visiwa vya Goto vyenyewe, kama visiwa vingi vya Japani, vimepungukiwa na watu miaka mingi sasa, vijana wanakwenda mijini kutafuta kazi na skuli zinabaki na watoto wachache. Mtunzi hakulificha jambo hilo, illa amelipitisha kimya kimya nyuma ya kicheko, na mwenye kutaka kuliona ataliona katika uchache wa watoto wale na wingi wa wazee.

Wengi wanaoupenda mchezo huu husifu sauti za watoto. Mara nyingi katika picha hizi sauti ya mtoto huigizwa na mtu mzima. Hapa Naru na wenziwe walisemewa na watoto kweli, na mwenye kuzoea kusikiliza watoto wakisoma juzuu asubuhi atatambua mara moja ile pumzi ya mtoto anayekimbia huku akisema. Wengine hulalamika kuwa Handa ni mtu wa miaka 23 naye hulia na kupiga kelele kama mtoto. Na takriban wote hulalamika kuwa sehemu 12 ni chache. Lalamiko la namna hii, nadhani, kila mpishi angependa alipate.

Sasa niseme yale ambayo baba na mama wa Kiislamu watayauliza, kwani kuyaficha si uaminifu. Yumo binti mmoja wa umri wa kama miaka 14 ambaye mawazo yake yafanywa mzaha, na mzaha wenyewe haufai. Sehemu hizo tulizipitisha. Wapo watu wazima wanywao ulevi katika karamu. Ipo sikukuu yao ya kuwakumbuka wafu, watu wakiwasha taa makaburini, na hapo nilisimamisha simu nikawaeleza wanangu kwamba itikadi ile si yetu na kwamba sisi maiti wetu twawaombea dua. Na mzee mmoja wa msikitini, ambaye namheshimu sana, alinikemea kwa kutazama picha za viumbe vyenye roho. Ulamaa wamekhitalifiana: wako walioharamisha kila picha ya kuchorwa kwa mkono, na wako waliotazama makusudio yake, wakitegemea khabari mashuhuri za wanasesere wa Bibi Aisha (r.a.) ambao Mtume (s.a.w.) aliwaona wala hakuwakataza. Mimi si mufti. Kila mwenye nyumba na amwulize shekhe anayemwamini. Ninachojua ni kwamba watoto wetu wanatazama, tukiwapo na tusipokuwapo, na kwamba mimi ningekuwa sikuketi usiku ule nisingalipata lililonipata.

Nalo ni hili.

Mwaka jana palikuwa na kijana chuoni kwangu, umri wake miaka 14, mwenye mkono mzuri kuliko wote niliowafundisha kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewapa kazi ya kunakili sura fupi kwa kufuata mfano wangu ubaoni. Wote wakaandika kama nilivyoandika. Yeye akairefusha mikia ya herufi, akaipinda, akatia na majani pembeni kama taji. Nikaichukua karatasi yake nikaiinua juu mbele ya wenziwe wote, nikasema, "Hii si khati. Hili ni bango la duka la chipsi." Wenziwe wakaangua kicheko. Yeye akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, na wiki iliyofuata hakuja. Nikajiambia kwamba simu imemharibu. Neno hilo ni rahisi sana kwa mwalimu, kwani simu haijibu.

Ajabu ni kuwa mimi na mzee yule wa Kijapani tulisema maneno yaliyo kinyume. Yeye alimlaumu kijana kwa kufuata mno mfano. Mimi nilimlaumu wangu kwa kutoufuata. Kwa usiku kadhaa nilikaa nikitafuta ni nani kati yetu mwenye haki, na naomba mnivumilie kidogo hapa, maana ndio ujuzi wangu.

Katika ilimu yetu ya khati, mwanafunzi hunakili mkono wa mwalimu wake miaka kwa miaka, herufi baada ya herufi, nukta kwa nukta; zoezi hilo huitwa mashki. Hana ruhusa ya kutia jina lake chini ya kazi mpaka apate ijaza. Wajapani nao ndivyo wafanyavyo: mwanafunzi huwekewa mfano wa mwalimu au wa mabingwa wa kale akaufuata kwa burashi, baada ya kusaga kwa maji, juu ya jiwe, kipande cha wino mgumu uliofanywa kwa masizi na gundi. Masizi na gundi ndivyo vilivyokuwa wino wa waandishi wetu pia. Wazee wetu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili Misahafu kwa mkono, na baadhi ya Misahafu hiyo ipo hata leo. Hakuna aliyethubutu kuzidisha herufi, bali tazama pambizo zake, tazama mapambo na rangi zake, utajua mara moja kuwa ni kazi ya Siyu wala si ya mahali pengine. Kwa hivyo kufuata si aibu, na kuongeza si dhambi, maadamu kila kimoja kiko mahali pake na wakati wake. Mzee wa Kijapani alikuwa na haki kwa mtu aliyekwisha hitimu. Mimi nilikuwa na haki kwa mtoto aliye bado njiani. Nikafurahi kwa kupata jawabu, nikamweleza binti yangu.

Binti yangu alikuwa anakata vitunguu. Akasema, "Baba, wote wawili mlisema kweli. Lakini wote wawili mlisema mbele ya watu."

Sikula vizuri usiku ule.

Sisi walimu twazijua khabari hizi, tena twazisomesha. Twajua kwamba Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, na kwamba ameeleza mwenyewe kuwa hakuambiwa hata neno la kuguna, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hili na kwa nini hukufanya lile. Twajua khabari za yule mtoto mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kidege chake, kidege kikafa, na Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye kubeba mambo ya umma mzima, akasimama kumwuliza mtoto khabari za kidege kile kwa maneno ya kumchangamsha. Mimi khabari hiyo nimeisomesha sijui mara ngapi, na kila mara nimeisomesha nikiwa na bakora mezani.

Katika Barakamon iko sehemu moja ambayo naona ndiyo bora kuliko zote, ijapokuwa vijana wengi hutaja ile ya Handa anaporudi Tokyo na watoto wa kisiwani wakampigia simu. Handa amepata khabari kwamba katika mashindano ameshika nafasi ya pili, na wa kwanza ni kijana wa miaka 18. Amevunjika moyo. Siku hiyo kijijini kuna sherehe, na watu wanatupiwa mikate ya mchele kutoka juu, kila mtu anagombania. Handa hapati hata mmoja. Bikizee mmoja, mwenye mgongo uliopinda, amejaza mfuko wake. Akamfundisha: usitazame juu tu, tazama na chini, iko mingi iliyoanguka, na ikiwa mwenzio ameunyoshea mkono ule uutakao, mwachie, mwambie tangulia wewe, kisha utafute mwingine ulio mkubwa zaidi. Bikizee hakujua lolote kuhusu mashindano ya khati. Alikuwa anasema juu ya mikate tu. Ndiyo maana kijana alimsikia.

Na sehemu nyingine, fupi: kijana wa kijijini aitwaye Hiroshi, ambaye katika kila jambo ni wa wastani, si mbaya wala si mzuri, siku zote alidhani Handa amezaliwa na kipawa. Akaingia nyumbani kwake akamkuta katikati ya karatasi zisizohesabika, amekesha akiandika neno lile lile. Hiroshi akarudi kwao ameona haya. Wanafunzi wangu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wamenitajia sehemu hii kuwa iliwagusa. Wote watatu ni wale ambao mimi huwaandikia "wastani" katika daftari.

Mwisho wa mfululizo Handa alikwisha mwomba radhi yule mzee. Akarejea kisiwani juu ya pingamizi ya mama yake, na katika mashindano mengine, badala ya maneno makubwa, akaandika majina ya watu wa kijiji kile waliomkaribisha. Akapata nafasi ya tano. Watazamaji wengine wameudhika kwa hiyo nafasi ya tano, wakasema mtunzi angemkirimu angalau ya kwanza. Mimi naiona imekaa sawa kabisa, na nisingependa iguswe.

Baada ya sehemu ya saba nilichukua kofia yangu nikaenda kwa yule kijana. Nilikwenda alasiri, kwa miguu, ingawa ni mbali, maana nilitaka muda wa kupanga maneno. Mama yake alinipokea mlangoni, "Shikamoo Maalim, karibu ndani," akahangaika kutandika jamvi na kuniwekea kahawa, akidhani nimekuja kudai ada. Kijana akatoka uani, mikono yake ina magamba ya samaki. Akasimama kando ya mlango hakukaa.

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalinitoka. Nikasema tu, "Mwanangu, siku ile nilikukosea. Nilikuwa na la kukufundisha, nikakufedhehesha badala yake. Nakuomba radhi." Mama yake akatazama chini. Kijana akajifuta mikono kwa kanga iliyokuwa kambani, taratibu, kidole kwa kidole, hata nikadhani hatajibu kabisa.

Kisha akasema, "Maalim, nasikia chuoni kwamba watazama Barakamon."

Nikasema, "Naam."

"Umefika wapi?"

"Ya saba."

Akatikisa kichwa kama mtu mzima, akasema, "Bado hujafika," akaomba ruhusa akarudi uani kwenye samaki wake.

Jumamosi hiyo hakuja chuoni. Jumamosi ya pili vilevile hakuja. Ya tatu nilipoinua macho kutoka ubaoni nilimwona amekaa nyuma kabisa, karibu na viatu, ubao wake magotini. Nikaendelea kusomesha. Wakati wa kukusanya kazi alileta yake pamoja na wenziwe: ameunakili mfano wangu nukta kwa nukta, hapana alichozidisha. Nyuma ya ile karatasi, kwa penseli, palikuwa na majani.

Nimeirudisha kwake bila ya kuandika neno upande wa nyuma. Bado nafikiri niandike nini.